Hoja Nzuri ya Maji

Mamangu hakujua mantiki ni nini, lakini alijua Kilatini ni lugha ya Papa, na hiyo ilimtosha. Jumapili moja padre mgeni alikuja parokiani kwetu Kitengela, akasimama baada ya matangazo na kusema kwamba nje kidogo ya mji wa Kajiado kumefunguliwa sekondari ya wasichana itakayofundisha kama zamani: Kilatini, mantiki, ufasaha wa kusema, historia ya Kanisa. Shule nyingine, alisema, zinafundisha wasichana kupita mtihani. Yake itawafundisha kufikiri. Mama alikuwa ameketi mbele kabisa na sare yake ya chama cha akina mama, na nilimwona akinyoosha shingo. Wiki hiyo nzima alimweleza kila aliyekuja kununua mboga kwake. Baba alikuwa akichonga mawe kwenye kwari, na alirudi jioni mweupe kwa vumbi mpaka kope. Yeye aliuliza tu kama kuna kazi ambayo mtu hupewa kwa kujua Kilatini. Mama akamjibu kwamba si kila kitu ni kazi.

Ndivyo nilivyojikuta huko, mwishoni mwa miaka ya tisini, na sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba.

Kitu cha kwanza kilichonichukiza ni mfupa. Shule nyingi za wakati ule ziliwavisha watoto kibao wakipatikana wakiongea lugha ya nyumbani. Yetu ilikuwa na mfupa wa mbuzi, umetobolewa na kutiwa kamba. Msichana aliyepatikana akiongea Kiswahili, Kimaasai, Kikamba au lugha yoyote isiyokuwa Kiingereza au Kilatini aliuvaa shingoni hadi amkamate mwenzake. Haukuwahi kuoshwa. Kamba ilikuwa nyeusi, inateleza kwa jasho na mafuta ya kujipaka ya shingo zote zilizotangulia, na mfupa wenyewe ulikuwa na harufu ya samli iliyoharibika. Mara ya kwanza nilipouvaa, nililala nao kifuani kwa sababu ndiyo sheria. Asubuhi nilijisugua kwa sabuni ya kufulia hadi ngozi ikawasha.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema nilichukia masomo. Yule padre mgeni ndiye aliyekuwa mkurugenzi wetu, Mkenya kama sisi, aliyesoma Roma miaka mingi, na alijua kufundisha. Alikuwa mtu safi kupita kiasi. Kucha zake zilikuwa zimepakwa kitu zikang'aa, alinukia pipi za minti, na kabla ya kushika chaki aliifunga kwa karatasi isimchafue vidole. Akianza kueleza jinsi neno moja la Kilatini linavyobadilisha mkia wake kulingana na kazi yake katika sentensi, uliona kama mtu anakufungulia saa na kukuonyesha magurudumu. Mimi, mtoto wa kwari, nilipenda magurudumu hayo. Nilikuwa nikiyarudia moyoni nikisugua sufuria.

Ijumaa mchana kulikuwa na mjadala. Padre alitoa swali, mmoja wetu akasimama upande huu na mwingine upande ule, na ilibidi kwanza uelezee hoja ya mpinzani wako vizuri kuliko alivyoieleza mwenyewe, ndipo uijibu. Aliyeng'ara katika hilo ni mwenzangu wa deski. Alikuwa msichana wa Kimaasai, mrefu, mkimya sana darasani siku nyingine zote. Kwao kulikuwa karibu, ukipanda kilima nyuma ya shule unaona moshi wa boma lao. Aliniambia alijifunza kubishana kwa kumsikiliza babake akiwa na wazee wenzake, alipokuwa akitumwa kuwapelekea chai na kukawia makusudi. Huko pia, alisema, mtu hakatizwi akizungumza.

Tulipokuwa kidato cha tatu mvua haikuja. Haikuja ya masika, na ile ya vuli ikanyesha siku mbili na kuondoka. Kajiado ikawa nyekundu, halafu kijivu. Shule ilikuwa na kisima kilichochimbwa kwa mashine, na pampu iliyopandisha maji kwenye tangi kubwa nyuma ya kanisa dogo la shule. Ng'ombe walisikia harufu ya maji. Walikuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wakasimama kwenye ua wa waya na kuweka pua zao katikati ya nyaya. Walisimama hivyo kutwa. Wengine walianguka hapo hapo na hawakuinuka tena.

Sijui nieleze vipi harufu ile kwa mtu ambaye hakuwepo. Iliingia bwenini, ikaingia kwenye uji. Tulifunga vitambaa puani tukisoma. Wakati wa misa Padre aliagiza uvumba uongezwe, lakini harufu ya uvumba haikuondoa ile ya mizoga. Zilichanganyika tu. Tuliimba kwa Kilatini, nzi wakitutembelea kwenye midomo.

Jikoni kulikuwa na mtaro wa maji machafu uliopita chini ya ua na kutokea nje. Maji ya kuoshea sahani zetu, yenye povu la sabuni na mabaki ya maharagwe, yalitoka pale mara tatu kwa siku. Ng'ombe waliyangoja. Baadaye wanawake pia walikuja na vikombe na mitungi, wakainama kuyateka kabla ng'ombe hawajayavuruga. Nilimwona mama mmoja akiondoa povu kwa kiganja, polepole, kama mtu anayeondoa utando wa maziwa, kisha akamnywesha mtoto aliyekuwa mgongoni kwake. Mwenzangu wa deski alikuwa amesimama karibu nami. Alisema kwamba yule ni mke wa mjomba wake.

Wiki iliyofuata mtaro ule ulizibwa kwa saruji, maji yakaelekezwa kwenye shimo. Sista msimamizi wa bweni alitueleza kwamba wafadhili kutoka ng'ambo wangekuja mwisho wa muhula, na mandhari ile haikuwa nzuri. Mbele ya ofisi kulikuwa na mawaridi ambayo Padre aliyapenda sana. Kila jioni tangi lilipojaa, maji ya ziada yalipita kwenye mpira hadi kwenye mawaridi hayo. Yalichanua ukame wote.

Ijumaa moja Padre alitoa swali kuhusu mali: kama mtu anaweza kusema kwa haki kwamba kitu ni chake. Mwenzangu alinyoosha mkono kabla hajamaliza. Alisimama, akaomba aseme kwa Kilatini kadiri atakavyoweza na Kiingereza atakapokwama.

Alianza na hoja za upande wa pili, kama tulivyofundishwa. Alisema shule ndiyo iliyochimba kisima. Alisema lango likifunguliwa kwa boma moja, Kajiado yote itakuja, pampu itaungua, na wasichana hawa watakosa maji ya kunywa. Aliyasema vizuri kiasi kwamba niliona Padre akiitikia kwa kichwa, kwa maana hizo ndizo sababu zake mwenyewe. Kisha akazijibu moja moja. Alisema yale maji hayakuanzia ndani ya ua, yanapita chini ya ardhi ya watu wote kabla ya kufika kwenye bomba letu. Alimkumbusha Padre alichotufundisha mwenyewe, kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa, kinachoweza kumwokoa hakina mwenyewe tena. Akasema walio nje ya ua hawaombi maji ya wasichana. Wanaomba yale yanayobaki jioni tangi likijaa, ambayo sasa yananywewa na mawaridi huku ng'ombe wakifa kwenye waya. Akamalizia kwamba kwa hiyo lango linapaswa kufunguliwa, jioni ile.

Nilikuwa nimeshika ukingo wa deski. Nilisadiki, na sisemi kwa mzaha, kwamba nilikuwa nimeshuhudia kitu kikitendeka, kwamba kuanzia dakika ile mambo yatakuwa tofauti, kwani si tulikuwa tumeambiwa akili ndiyo inayoongoza mkono?

Padre alipiga makofi. Macho yake yalikuwa na machozi, nayakumbuka. Alisema kwa miaka yote aliyofundisha hajasikia hoja iliyojengwa hivyo na msichana wa umri ule, kwamba haina ufa. Alikuwa na sahihisho moja tu. Pale alipowataja ng'ombe, alitumia neno moja wakati neno sahihi ni jingine linalofanana nalo. Akaliandika ubaoni kwa chaki yake iliyofungwa karatasi, akalipigia mstari. Akampa alama zote. Akatoa pipi ya minti mfukoni, akamwekea juu ya deski.

Mwenzangu alikuwa bado amesimama. Akauliza, kwa Kiingereza chake cha upole, lango litafunguliwa saa ngapi.

Padre alimwangalia kana kwamba hakuelewa swali. Kisha akatabasamu.

"Binti yangu," alisema, "hapa tunafundisha kufikiri. Lango ni mambo ya utawala."

Kengele ikalia. Ile pipi ilibaki kwenye deski, hakuna aliyeigusa, na wiki nzima sisimizi waliifanyia kazi mpaka ikabaki karatasi.

Lango lilifunguliwa siku chache baadaye, lakini si kwa ajili ya maji. Wenye ng'ombe walikuwa wameanza kuwauza waliokaribia kufa kwa bei yoyote waliyopewa, na mpishi wetu alikuwa akienda kwenye ua na kuchagua waliobaki na nyama kidogo. Walivutwa kwa kamba kuingia, hatua zao za mwisho wakipita kando ya tangi, kisha wakachinjwa nyuma ya jiko. Sisi ambao tangu kidato cha kwanza tulikuwa tukila maharagwe yenye wadudu tulianza kupata nyama mara tatu kwa wiki. Wasichana walifurahi. Waliimba wakiwa kwenye foleni. Nyama yenyewe ilikuwa ya kijivu, ngumu, na mchuzi wake haukuwa na mafuta hata tone moja.

Ngozi zilitandazwa kwenye ua zikauke. Tulikuwa tukitoka kanisani asubuhi mwenzangu aliposimama ghafla nikamgonga mgongoni. Alikuwa akiangalia ngozi moja nyeupe yenye madoa ya kahawia, na doa moja kubwa begani lililokaa kama kiganja. Sikumuuliza. Wamaasai hawahitaji kuandika alama kwenye ng'ombe wao ili wawajue. Alitembea mpaka darasani, akafungua kitabu, akasoma.

Wakati wa chakula cha mchana tuliletewa nyama. Nami nilikuwa nimeshaweka kipande mdomoni nilipomwona akiinuka na sahani yake. Alipita katikati ya meza zote hadi ile meza ya mbele iliyokuwa na kitambaa, alipoketi Padre na masista, akaiweka sahani mbele ya Padre.

"Padre, hii ni ng'ombe ya mama," alisema kwa Kiswahili. "Ile ya madoa. Haikuwa mgonjwa. Ilikuwa na kiu tu."

Hakupaza sauti. Lakini bwalo lote lilisikia, na vijiko vikatulia. Padre alijipangusa midomo kwa kitambaa. Alipangusa upande huu, akapangusa na ule. Mimi niliangalia kitambaa kile, na ile nyama iliyokuwa mdomoni mwangu ikawa kama kipande cha kiatu, siwezi kuimeza, siwezi kuitema. Aliyezungumza ni sista mmoja, na alichosema ni kwamba msichana yule ameongea Kiswahili mezani.

Kiranja alileta mfupa. Alikuwa msichana mwema, kiranja yule, lakini aliuleta. Mwenzangu aliinamisha kichwa akavalishwa. Akarudi kwenye nafasi yake kando yangu, akaketi bila sahani.

Nilitema nyama kwenye kiganja changu. Kisha nikamgeukia nikamwambia kwa Kikamba, kwa sauti ya kusikika meza tatu, anipitishie chumvi. Hakujua Kikamba hata kidogo. Alinitazama muda mrefu ndipo akaelewa, akauvua ule mfupa, akanivisha mimi. Msichana wa meza ya pili, Mkamba mwenzangu kutoka Makueni, aliniuliza kwa lugha yetu chumvi ni ya nini na chakula chenyewe sikili. Nikamvisha. Mpaka chakula kinaisha, mfupa ulikuwa umezunguka kwa wasichana wengi, kila mmoja akiongea lugha ya kwao bila sababu yoyote, na Padre alikuwa ameshaondoka. Sahani aliiacha pale pale mezani.

Tulikatazwa matembezi ya Jumapili kwa muhula wote uliobaki. Hiyo haikuniuma. Kilichoniudhi ni kwamba siku kadhaa baadaye Padre alimwita mwenzangu ofisini, akamwomba airudie ile hoja ya maji mbele ya wafadhili. Alikuwa mpole kabisa, alisema ni kazi bora ambayo shule imewahi kutoa, kwamba wageni wale wangeguswa sana. Mwenzangu aliniambia alichomjibu. Alimwambia amesahau.

Yeye, ambaye angeweza kukutajia maneno yoyote aliyosikia tangu kidato cha kwanza.

Wageni walikuja, wakaimbiwa, wakapiga picha kando ya mawaridi, wakala. Wakati huo mizoga ilikuwa imeburutwa mbali kidogo na kumwagiwa chokaa. Siku ya kufunga shule, mamake mwenzangu alikuja na punda kumchukua, na akachukua godoro pia, hivyo nikajua harudi. Tuliagana kwa kushikana mikono kama watu wazima. Alimalizia masomo kwenye shule ya kutwa mjini. Ng'ombe waliokuwa wamebaki kwao, babake na kaka zake waliwaswaga kwenda Nairobi kutafuta nyasi za kando ya barabara, na waliorudi walikuwa wachache.

Mimi nilibaki, nikafanya mtihani wangu, nikapita vizuri. Nyama sikuila tena pale.

Miaka ikapita. Kitengela ilijaa magorofa ya mawe yaliyochongwa na watu kama baba, na mimi nikapata kazi katika duka la dawa. Mwenzangu alikuwa mkalimani kwenye mahakama ya Kajiado, akigeuza Kimaasai kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kimaasai mbele ya hakimu. Tulikuwa tukipigiana simu. Halafu, katikati ya miaka ya elfu mbili, shule yetu ilifungua tawi Kitengela, na mama akaamua kwamba mdogo wangu wa mwisho ataingia huko. Nilimwambia mama mambo yote niliyoyaona. Alinisikiliza, akasema ukame ulimtesa kila mtu.

Siku ya mahojiano aliniomba nimsindikize kwa kuwa najua kuongea na watu wale. Ofisi ilikuwa kwenye nyumba ya kupanga, ina harufu ya rangi mbichi. Padre alikuwa amenenepa na nywele zimekuwa nyeupe, lakini kucha zilikuwa zile zile. Alinikumbuka, au alisema ananikumbuka. Kisha akamgeukia mama na kumweleza elimu yao inaweza kumfanyia nini msichana. Alisema hapo zamani, wakati wa ukame mkali, walikuwa na binti mmoja wa Kimaasai, mtoto wa wafugaji, aliyesimama darasani na kutetea haki ya maji kwa Kilatini hadi yeye mwenyewe akalia. Hajawahi kuisahau siku ile. Alikosea neno moja tu, alisema, akacheka kwa upendo.

Mama alikuwa ameweka mkono kifuani.

"Na lango ulifungua?" nilimuuliza.

Padre aliniangalia. Nilikuwa nimejiandaa kuona aibu, au hata hasira, na ningeridhika na lolote kati ya hayo. Sikuona chochote. Alikuwa akijaribu kukumbuka ni lango gani.

"Alikuwa binti wa ajabu," alisema, akachukua kalamu amwandikishe mdogo wangu.

Nilitoka nje nikasimama barabarani. Nilimpigia mwenzangu simu nikamweleza. Aliuliza kama Padre bado anasema alikosea lile neno. Nikamwambia ndiyo.

"Sikukosea," alisema. "Niliangalia kwenye kamusi yake mwenyewe. Yako maneno mawili. Moja ni la kundi lote, lingine ni la mnyama mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nataka lile la mmoja mmoja." Kisha akasema kesi yake imeitwa, lazima aingie.

Mdogo wangu aliingia shule ile na kumaliza miaka yake minne, na hakuna baya lililompata. Anapenda Kilatini. Likizo alikuwa akija na mazoezi yake mezani, nami nilimsaidia, kwa sababu najua, na kwa sababu lugha yenyewe haikuwahi kunikosea. Alinishangaa nilivyokuwa nikikunja uso nikimweleza mambo ambayo kwake yalikuwa matamu. Mama hadi leo hunikumbusha kwamba nilimwaibisha mbele ya padre. Namjibu kwamba nilijaribu kumwaibisha padre mwenyewe, ila haikuwezekana.